Shajara ya mradi: kuhamisha mnato kutoka pauni na futi hadi paskali-sekunde

Shajara hii inahusu lahajedwali moja ya kubadilisha mnato dainamiki (nguvu ya kimiminika kupinga kutiririka) kati ya vipimo vya Kiingereza na vya metriki. Inatengenezwa katika karakana ya pampu na giaboksi, Viwandani, Nairobi. Mashine kongwe za Uingereza na Marekani bado zinapiga kazi hapa kila siku, na makaratasi yake yanataja pauni, futi na inchi, ilhali oili inayouzwa Kirinyaga Road imeandikwa kwa metriki pekee. Ingizo jipya linaongezwa kila hatua inapokamilika. Hatua rahisi zimefupishwa. Palipoharibika pameelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo fundi mwingine atakapokwama.

Jumatatu, 3 Machi 2025: Makaratasi na lahajedwali ya zamani

Hati zilizo mezani ni tatu. Mchoro wa beringi za giaboksi unatoa mnato kwa reyn, yaani lbf·s/in² (pauni ya nguvu mara sekunde kwa inchi ya mraba). Karatasi ya kipoza oili inatoa lb/ft·hr (pauni kwa futi kwa saa). Kitabu cha pampu ya gia kinatoa SSU (sekunde za Saybolt) kwa 100 °F, ambayo hata si mnato dainamiki. Msambazaji wa oili naye anatoa cSt (sentistoki, kipimo cha mnato kinematiki, yaani mnato dainamiki ukigawanywa kwa densiti) kwa 40 °C na 100 °C, na densiti kwa 15 °C. Hakuna hati mbili zinazotumia kipimo kimoja.

Lahajedwali ya zamani ilikuwa na safu moja tu, “lb kwenda cP” (sentipoizi), na kizidishi kimoja: 47,880. Kwa lbf·s/ft² kizidishi hicho ni sahihi. Shida ni kwamba kilitumiwa kwa kila namba yenye herufi lb pembeni. Karatasi ya kipoza ina mstari wa maji wenye mnato 2.42 lb/ft·hr, na lahajedwali ikautoa kama cP 115,870. Maji kwenye 20 °C yana cP 1.0. Kwa hesabu hiyo maji ya bomba yangekuwa mazito kuliko asali, na mota ya pampu ingechaguliwa kubwa ajabu bila sababu.

Mstari huo wa maji umewekwa kuwa jaribio la kwanza la toleo jipya. Maji yasipotoka karibu na cP 1, kazi inasimama hapo hapo.

Gharama: hakuna.

Alhamisi, 6 Machi 2025: Vizidishi vinajengwa kutoka kwenye fasili

Vizidishi vyote vya zamani vimefutwa. Vingi vilikuwa vimekatwa desimali na kuunganishwa kimoja juu ya kingine: cP mara 0.000672, kisha kugawanya kwa 32.2, kisha kugawanya kwa 144. Ukienda na kurudi kwa njia hiyo hurudi pale ulipoanzia. Pengo ni dogo, chini ya sehemu moja kwa elfu, na pampu haitalihisi. Lakini lahajedwali isiyofunga hesabu yake yenyewe inakuzoesha kudharau tofauti ndogo, na siku tofauti hiyo itakapokuwa ya kweli utaipita tu.

Zimebaki namba nne za msingi, kila moja katika seli yake iliyofungwa:

- futi = 0.3048 m
- inchi = 0.0254 m
- pauni ya tungamo (lbm) = 0.45359237 kg
- mvutano sanifu wa dunia = 9.80665 m/s²

Hakuna hata moja iliyokadiriwa. Pauni na yadi zilifungwa kwa namba hizi katika makubaliano ya 1959 kati ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine zilizokuwa zikitumia vipimo hivyo, na mvutano sanifu umewekwa tangu 1901. Pauni ya nguvu (lbf) inapatikana kwa kuzidisha namba ya tatu kwa ya nne: 4.4482216152605 N. Baada ya hapo kila kizidishi ni fomula, hakichapwi kwa mkono:

- 1 lbm/(ft·s) = 0.45359237 ÷ 0.3048 = 1.488164 Pa·s (paskali-sekunde)
- 1 lbm/(ft·h) = hiyo ya juu ÷ 3600 = 0.000413379 Pa·s, yaani cP 0.413379
- 1 lbf·s/ft² = 4.4482216 ÷ 0.3048² = 47.88026 Pa·s
- 1 reyn = 4.4482216 ÷ 0.0254² = 6,894.757 Pa·s
- 1 slug/(ft·s) (slug ni kipimo cha tungamo, sawa na lbm 32.174) ni sawasawa na 1 lbf·s/ft²
- 1 poizi = 0.1 Pa·s, na 1 cP = 1 mPa·s

Kila ubadilishaji sasa unapita Pa·s. Ukitoka reyn kwenda lbm/(ft·h), lahajedwali inazidisha kwanza kupata Pa·s, kisha inagawanya. Hakuna njia za mkato kati ya kipimo kimoja na kingine, kwa hiyo ukiongeza kipimo kipya unaongeza mstari mmoja tu na hugusi mingine.

Onyo kwa atakayenakili: kazi ya CONVERT iliyomo ndani ya Excel haina mnato kabisa. Usipoteze saa kuitafuta. Kwa kuhakiki tumetumia programu ya bure iitwayo units kwenye Linux. Ukiandika `units 'lbf s/ft^2' 'Pa s'` inakurudishia 47.880259. Mistari yote ya juu imelingana nayo.

Maji: 2.42 lb/ft·hr yametoka cP 1.0004. Jaribio la kwanza limepita.

Gharama: hakuna.

Jumatano, 12 Machi 2025: Pauni ya tungamo na pauni ya nguvu

Hapa ndipo mradi ulipokula muda, na hapa ndipo tungependa msomaji apasome polepole.

Hati nyingi za zamani huandika “lb” tu. Mwandishi wake alijua anamaanisha nini, na msomaji wa enzi zake alijua pia. Leo anayeisoma hana njia ya kujua kwa kutazama herufi peke yake. Pauni ya tungamo ikisomwa kama pauni ya nguvu, jibu linapotoka mara 32.174. Kosa la ukubwa huo halijitangazi. Oili yenye cP 30 ikigeuka karibu cP 965, namba hiyo bado inafanana na oili, ya giaboksi nzito. Itapita mikono mitatu bila kushtukiwa, na itaonekana siku beringi itakaposhika moto.

Kinachosaidia ni kutazama umbo la kipimo. Mnato wenye sekunde juu na futi ya mraba chini (lb·s/ft²) lazima uwe wa nguvu, kwa sababu tungamo mara muda kugawanya kwa eneo haileti mnato. Wenye futi moja na muda chini (lb/ft·s au lb/ft·hr) lazima uwe wa tungamo. Kwa hiyo hata herufi f au m ikikosekana, nafasi ya sekunde inakuambia. Lahajedwali sasa haina chaguo la “lb”. Anayeingiza namba analazimika kuchagua umbo kamili kwenye orodha, na orodha inaonyesha sekunde iko juu au chini.

Jaribio la kufunga hatua hii limetumia namba ya Reynolds (densiti mara kasi mara kipenyo, kugawanya kwa mnato), ambayo haina kipimo, hivyo lazima itoke ileile kwa mifumo yote miwili. Chukua maji kwenye bomba la inchi 2 yakienda futi 5 kwa sekunde. Kwa vipimo vya Kiingereza: densiti 62.4 lbm/ft³, kipenyo futi 0.16667, mnato 0.00067197 lbm/(ft·s). Jibu ni 77,384. Kwa metriki: 999.55 kg/m³, 0.0508 m, 1.524 m/s, 0.001 Pa·s. Jibu ni 77,384.

Kisha tukaweka makusudi mnato wa lbf·s/ft² (0.000020885) pamoja na densiti ya lbm/ft³, bila kurekebisha. Jibu likawa karibu milioni 2.49. Gawanya kwa 77,384 upate 32.17. Mchanganyiko huu ndio unaotokea mara nyingi zaidi, kwa sababu vitabu vingi vinatoa densiti kwa pauni ya tungamo na mnato kwa pauni ya nguvu kwenye ukurasa uleule.

Jumanne, 18 Machi 2025: Kutambua kosa kwa uwiano wake

Somo la milioni 2.49 limegeuzwa kuwa chombo. Majibu mawili yakikataa kulingana, gawanya kubwa kwa dogo, kisha tafuta uwiano huo kwenye jedwali hili:

- 10: poizi imechukuliwa kuwa Pa·s
- 60: dakika na sekunde
- 144: inchi ya mraba na futi ya mraba
- 1,000: cP na Pa·s
- 3,600: saa na sekunde
- 32.174: lbf na lbm
- 4,633: reyn na lbm/(ft·s), yaani 32.174 × 144
- 115,827: lbf·s/ft² na lbm/(ft·h), yaani 32.174 × 3,600
- bilioni moja: mPa·s imeandikwa MPa·s

Ule mstari wa maji wa tarehe 3 ulikuwa mbali na ukweli mara 115,827. Jedwali hili lingekuwapo, chanzo kingejulikana palepale.

Uwiano wa 4,633 unahitaji tahadhari. Katika SSU kuna kigawanyo cha 4.632, na namba hizi mbili hazina undugu wowote. Zimekaribiana kwa bahati tu. Usione 463 mwanzoni ukadhani umepata ufunguo.

Uwiano usiokuwa kwenye jedwali, kwa mfano 1.1 au 1.7, kwa kawaida hautoki kwenye vipimo. Hapo tazama joto au densiti.

Ijumaa, 28 Machi 2025: SSU, densiti na joto

SSU ni sekunde ambazo oili inachukua kupita kwenye tundu la kifaa cha Saybolt. Ni kipimo cha mnato kinematiki. Ili kufika kwenye cP unapita hatua mbili: SSU kwenda cSt, kisha cSt mara densiti kwa g/cm³.

Toleo la kwanza la safu hii liligawanya kila kitu kwa 4.632. Kwa oili nzito, juu ya cSt 75 hivi kwenye 100 °F, ni sawa. Kwa oili nyepesi si sawa, kwa sababu tundu la Saybolt halifuati mstari ulionyooka huko chini. SSU 100 ikigawanywa hivyo inatoa cSt 21.6, lakini thamani ya kweli ni karibu 20.5. SSU 32 ingetoka 6.9 ilhali oili hiyo haifiki hata cSt 2. Safu sasa ina lango: ikiwa cSt inayotoka ni chini ya 75, seli haitoi namba, inaandika “soma jedwali la SSU”. Tumeona ni heri kumnyima mtu jibu kuliko kumpa la uongo lenye desimali tatu.

Mfano kamili kutoka kitabu cha pampu: SSU 500 kwenye 100 °F. Gawanya kwa 4.632, cSt 107.9. Densiti ya msambazaji ni 0.880, lakini hiyo ni ya 15 °C. Oili ya madini hupoteza takriban 0.00065 g/cm³ kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kutoka 15 hadi 37.8 densiti inashuka hadi 0.865. Jibu ni cP 93.4, au reyn 13.5 × 10⁻⁶. Ukitumia 0.880 bila kurekebisha unapata cP 95. Tofauti si kubwa, ila ni ya upande mmoja kila mara, kwa hiyo inajikusanya.

Joto ndilo lenye hasara kubwa. 100 °F ni 37.8 °C, si 40 °C. Nyuzi 2.2 zinaonekana kitu kidogo, lakini oili ya kawaida ya madini hubadilika karibu asilimia 10 katika pengo hilo. Daraja zima la ISO VG 46 (oili ya cSt 46 kwenye 40 °C) linaruhusiwa kuyumba asilimia 10 tu juu au chini. Kwa hiyo ukilinganisha namba ya 100 °F na ya 40 °C kana kwamba ni joto moja, umeshakula uvumilivu wote wa daraja kabla hata ya kumimina oili.

Marekebisho: safu ya joto imefanywa ya lazima. Namba ya mnato isiyo na joto pembeni haihesabiwi, seli inakuwa nyekundu. Joto halibadilishi kizidishi chochote, lakini linasafiri na namba hadi mwisho na linachapishwa pamoja nayo.

Jumamosi, 5 Aprili 2025: Maonyesho ya seli, koma na herufi

Hesabu zilikuwa sahihi, lakini karatasi zilizochapishwa zilikuwa na makosa. Sababu zilikuwa tatu.

Ya kwanza: seli zilizowekwa desimali mbili. Mnato wa maji kwa lbf·s/ft² ni 0.0000209, na seli inaonyesha 0.00. Ndani namba ipo, lakini anayenakili kwa kalamu anaandika sifuri. Safu zote za vipimo vya Kiingereza sasa zinaonyeshwa kwa vipeo vya kumi, tarakimu nne za maana.

Ya pili: koma. Karatasi ya gliserini kutoka Ujerumani iliandika mnato “1,412” bila kipimo kwenye mstari, kipimo kilikuwa juu ya jedwali. Kwa Mjerumani koma ni nukta ya desimali, hivyo ni 1.412 Pa·s. Kwa mtu wa Nairobi koma hutenga maelfu, hivyo ni 1,412, na kwa mPa·s namba hiyo nayo ni sahihi kwa gliserini hiyohiyo. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana hatari ni kubwa: atakayechukua koma ya mmoja na kipimo cha mwenzake anakosea mara elfu. Kanuni iliyowekwa ni kwamba namba zinaingizwa bila koma kabisa, na seli inakataa koma.

Ya tatu: herufi. “cps” kwenye makopo ya zamani ni sentipoizi, si kitu cha kwa sekunde. “MPa·s” yenye M kubwa karibu kila mara ni kosa la mchapaji aliyekusudia m ndogo. Lahajedwali imepewa mipaka: chochote chini ya cP 0.2 au juu ya cP 100,000 kinawaka nyekundu na kumwomba mtu athibitishe. Mipaka hiyo inafaa vimiminika vya karakana hii. Anayefanya kazi na lami aipanue.

Jumatano, 16 Aprili 2025: Jaribio la gololi kwenye gliserini

Kubadilisha vipimo ni hesabu na haihitaji maabara. Jaribio hili lilikusudiwa kupitisha kipimo halisi kwenye mnyororo mzima, kuanzia rula na saa hadi reyn, kwa mifumo yote miwili, ili ionekane kama kuna mahali inapovuja.

Vifaa: gliserini lita 1 (KSh 950), silinda ya kupimia ya plastiki ya lita 1 yenye kipenyo cha ndani mm 60 (KSh 1,400), kipimajoto (KSh 700), gololi 20 za baiskeli za inchi 1/8 (KSh 200), sumaku ya kuzitolea (KSh 150). Muda ulipimwa kwa simu, kutoka kwenye video, kwa sababu kidole ni kizito mno kwa safari ya sekunde sita.

Awamu ya kwanza haikufaa. Silinda ilikuwa imeoshwa na kubaki na matone, na ndani ya gliserini ikaonekana michirizi kama ya joto juu ya lami ya barabara. Gololi zilizodondoshwa sehemu ileile zilitoa nyakati zinazopishana. Maji ndiyo chanzo. Gliserini safi kwenye 20 °C ina cP 1,410 hivi. Ikiwa na asilimia 1 tu ya maji inashuka hadi 1,150. Mililita chache kwenye lita zinatosha kuharibu kila kitu. Silinda ikakaushwa kabisa, gliserini ikafunikwa kati ya vipimo, maana inanyonya unyevu hewani na huu ni msimu wa masika.

Joto pia. Gliserini hubadilika karibu asilimia 8 kwa nyuzi moja ya Selsiasi, na karakana ya mabati ya Nairobi hupanda nyuzi kadhaa kati ya asubuhi na adhuhuri. Silinda ikawekwa ndani ya ndoo ya maji hadi joto likatulia kwenye 22 °C.

Namna ya kudondosha: gololi ilowe gliserini kwanza, iachiwe chini ya uso katikati ya silinda, isibebe kiputo. Mstari wa kuanzia uwe angalau mm 50 chini ya uso. Umbali wa kupimia mm 200. Muda uliotoka ni sekunde 6.3, yaani kasi 0.03175 m/s.

Kanuni ya Stokes: mnato = 2/9 × tofauti ya densiti × mvutano × nusu kipenyo mraba ÷ kasi. Chuma 7,800, gliserini 1,260, tofauti 6,540 kg/m³. Nusu kipenyo 0.0015875 m. Jibu ghafi ni 1.128 Pa·s. Hilo ni kubwa kupita kiasi kwa sababu ukuta wa silinda unaizuia gololi. Sahihisho la Faxén kwa gololi ya mm 3.175 kwenye silinda ya mm 60 ni 0.889. Jibu sahihi ni 1.003 Pa·s. Linaendana vizuri na gliserini yenye asilimia 1 hivi ya maji kwenye 22 °C. Namba ya Reynolds ya gololi ni 0.13, kwa hiyo kanuni ya Stokes inaruhusiwa.

Hesabu ileile kwa futi na pauni: tofauti ya densiti 408.28 lbm/ft³, nusu kipenyo futi 0.0052083, kasi 0.10415 ft/s. Imetoka 0.6740 lbm/(ft·s), ambayo ikizidishwa kwa 1.488164 inarudi 1.003 Pa·s.

Kisha ukaja mtego ambao hatukuwa tumeuona ukiandikwa popote kwenye hati zetu. Kwenye Stokes lazima utumie mvutano wa mahali ulipo. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya meta 1,600, hivyo mvutano ni takriban 9.78 m/s², au 32.09 ft/s². Lakini unapogeuza lbm kuwa lbf lazima ugawanye kwa namba sanifu, 32.174, hata ukiwa juu ya Mlima Kenya, kwa sababu hiyo ni sehemu ya fasili ya pauni ya nguvu. Namba hizi mbili zinakaa kwenye fomula moja na zinafanana mno. Ukitumia 32.09 kwa zote mbili, jibu la lbf·s/ft² linapanda asilimia 0.26. Ukitumia 32.174 kwa zote mbili, kosa linakuwa kwenye kipimo chenyewe. Lahajedwali sasa ina seli mbili tofauti, rangi tofauti: “mvutano wa hapa” inayoweza kubadilishwa, na “mvutano wa fasili” iliyofungwa.

Gharama ya hatua: KSh 3,400.

Ijumaa, 2 Mei 2025: Beringi za giaboksi, na yaliyosalia

Mchoro wa beringi umepitishwa. Kichwa cha safu yake kinasema “μ × 10⁶, reyn” na chini yake 4.0. Maana yake ni kwamba mnato *tayari* umezidishwa kwa milioni, hivyo thamani yenyewe ni 0.000004 reyn, sawa na cP 27.58. Anayesoma kinyume anapata namba yenye sifuri nyingi upande usiofaa, na mipaka ya tarehe 5 Aprili inamkamata.

Uhakiki umefanywa kwa namba ya Sommerfeld, nayo haina kipimo: nusu kipenyo cha shafti kugawanya kwa nafasi, yote mraba, mara mnato, mara mizunguko, kugawanya kwa mgandamizo. Shafti ya inchi 3, nafasi ya inchi 0.003 kwa upande, mizunguko 1,500 kwa dakika, mgandamizo psi 150 (pauni ya nguvu kwa inchi ya mraba). Kwa reyn na psi: 0.1667. Kwa Pa·s na paskali: 0.1667. Mizunguko lazima iwe kwa sekunde, yaani 25. Ukiiacha 1,500 unapata 10, mara 60 zaidi, na jedwali la uwiano linakuambia mara moja ni dakika.

Oili inayotakiwa ni ya cP 27.6 kwenye joto la beringi ikifanya kazi, si kwenye 40 °C ya kopo. Kwa densiti ya 0.85 hiyo ni cSt 32.4. Unachukua namba hiyo kwenye mchoro wa mnato na joto wa msambazaji na kusoma ni daraja gani linalopita hapo. Usinunue VG 32 kwa kuwa tu namba zimefanana.

Vizidishi na jedwali la uwiano vimechapishwa kwenye kadi nne na kulaminetiwa, KSh 320. Jumla ya mradi hadi leo ni KSh 3,720.

Madaraja ya SAE (ya oili za magari) na ISO VG hayajaingizwa kama vipimo na hayataingizwa. Kila daraja ni kiwango chenye mwanzo na mwisho, na lahajedwali ikiligeuza kuwa namba moja itakuwa inadanganya.

Rangi za kupaka na grisi bado hazina safu. Mnato wake unategemea kasi ya kuzungushwa, kwa hiyo cP iliyoandikwa kwenye ndoo ya rangi inafaa tu ukijua ni rota gani (kipande kinachozungushwa ndani ya rangi wakati wa kupima) iliyotumika na mizunguko mingapi kwa dakika. Kizidishi cha kwenda reyn hakibadiliki, lakini namba isiyo na rota na kasi haina cha kulinganishwa nacho. Safu mbili za taarifa hizo ndizo zinazofuata, na zitakuwa za lazima kama ilivyo safu ya joto.